Herufi za makala

Msomaji wa Dar es Salaam akiona neno makala hapo juu atadhani ni haya anayoyasoma. Kwetu Lubumbashi makala ndiyo yanayowaka kwenye mbabula (jiko) chini ya sufuria ya bukari (ugali). Yeye angeyaita mkaa. Kipande kikidondoka kutoka kwenye gunia, mtoto wa Katuba au wa Kenya (komini yetu, si nchi) hukiokota na kuandika ukutani. Wazazi wake nao huandika. CETTE PARCELLE N'EST PAS A VENDRE, ili ndugu mjanja asiuze kiwanja wenyewe wakiwa safarini. Dar wanaandika NYUMBA HII HAIUZWI, kwa hofu ileile.

Maandishi hayo yanaweza kugeuzwa fonti, yaani herufi zinazochapwa kwa kompyuta au simu. Itakuwa fonti ya mabango, majalada na vichwa vya habari tu. Ukiandikia barua nzima, macho ya msomaji yatachoka kabla ya aya ya pili.

Tuanze na kitu chenyewe. Wachoraji wa Ulaya hutumia mkaa wa vijiti vya mwerebi, laini, unaopaka kama poda. Makala yetu hutoka kwenye miti migumu ya miombo, iliyochomwa chini ya udongo. Badala ya kupaka tu, hukwaruza. Hayana gundi wala mafuta; chembe zake hushikwa na vishimo vya ukuta, basi. Ndiyo maana mstari hukatika kila unapopita kwenye ungio la matofali, na mvua mbili zikinyesha unabaki kivuli.

Linganisha na brashi. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa mjini aliyechora historia ya nchi katika picha zipatazo mia moja mwaka 1973 na 1974, aliandika maneno ndani ya picha zake kwa rangi. Brashi ikitoka kwenye kopo huanza nene, kisha hukauka. Makala hufanya kinyume: huanza na pembe kali, mstari mwembamba, halafu kipande kinalika na mstari unanenepa. Kwa hiyo C ya CETTE huwa nyembamba kuliko P ya PARCELLE. Mbuni asiyeligundua hilo atatoa herufi zenye unene mmoja, na hata akizimwagia vumbi lote la Katanga hazitakuwa za makala.

Vumbi lenyewe ni mtego. Ukipiga picha ya herufi halisi na kuiacha programu iizungushie mistari yenyewe, kila chembe hupata mipaka yake, na A moja inabeba maelfu ya nukta. Faili linakuwa zito, simu ya bei nafuu inakwama. Mimi huacha tumbo la mstari likiwa zima na kutafuna kingo tu, hasa pale mkono ulipoanza na ulipoachia. Jicho la msomaji humalizia lililobaki. Kazi hiyo haihitaji fedha: FontForge na Inkscape ni programu za bure.

Ugumu wenyewe uko kwenye Kiswahili. Mkono wa mtu hauandiki A mbili zinazofanana, lakini fonti hurudia ileile daima. Kwenye Kiingereza aibu hiyo hufichika kidogo. Kwetu A hujirudia mno: neno makala lina herufi sita, tatu kati yake A. Katanga vilevile tatu. Hatutakataa zipo tano, mbili zimekaa pamoja kama mapacha. Ufa uleule ukionekana mara tano kwenye neno moja, kila mtu anajua mashine imepita hapo.

Waholanzi wawili, Erik van Blokland na Just van Rossum, walilichezea tatizo hilo mwaka 1989 kwa fonti yao Beowolf, ambayo kingo zake zilibadilika zenyewe kila herufi ilipochapwa. Leo teknolojia ya OpenType inatuwezesha kuchora A kadhaa na kuweka kanuni: ikitangulia ya kwanza, ifuate ya pili, kisha ya tatu. Kwa Kiswahili nachora A tano, nyingine tatu tatu, na Q moja inatosha. Kwa programu zisizoelewa kanuni hizo kuna hila ya zamani: kwa kuwa ukutani ni herufi kubwa tupu, kitufe cha a ndogo hubeba A ya pili.

Tarakimu zisidharauliwe. Chini ya maandishi ya ukutani huwa kuna namba ya simu, inayoanza na 08 au 09. Mkono uliofunzwa katika shule za Kibelgiji na warithi wake huandika 7 yenye kijiti katikati, na 1 yenye mkia mrefu mbele. Ukiondoa kijiti kwa kutaka urembo, 1 na 7 zitachanganyika na simu italia kwa mtu mwingine.

Limebaki jambo moja lisilo na kanuni. Anayeandika ukutani huanza kwa herufi kubwa, za kujiamini. Akifika VENDRE mlango umeshamkaribia, na DRE inabanwa, inapanda juu kidogo. Fonti haijui ukuta unaishia wapi. Nimechora seti ya pili, nyembamba, na mtumiaji mwenyewe atachagua aanze kubana kwenye herufi ipi.