Akiolojia Marekani: Anza na Kilatini, kuchimba kutangoja

Barua ya chuo unayo, viza iko kwa pasipoti, na nyumbani mjomba bado anauliza, "Akio... nini? Hiyo kazi iko wapi?" Lakini wewe umeshaamua. Unaenda Marekani kusomea akiolojia ya Wagiriki na Warumi, fani ya Athens, Roma na Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkeno mwaka wa 79. Sasa chuo kinakutaka uchague kozi zako za muhula wa kwanza. Hapo ndipo noma huanza.

Huku kwetu KUCCPS ikishakupeleka kwenye programu, kozi nyingi za mwaka wa kwanza huwa zimepangwa tayari. Kule vyuo vingi havikulazimishi kutangaza fani hadi mwaka wa pili, na orodha ina mamia ya kozi. Ni kama kuingia Gikomba na noti moja. Ukizubaa, utatoka na vitu vizuri ambavyo hukuvihitaji.

Utatamani kujaza ratiba na mahekalu, sanamu na vyungu. Tulia. Kozi ya kwanza kuandika ni Kilatini au Kigiriki cha kale, na sababu ni kalenda tu. Katika vyuo vingi, sehemu ya kwanza ya lugha hizo hufunzwa muhula unaoanza Agosti au Septemba pekee, na ya pili hufuata Januari. Ukiikosa ya kwanza, unangoja mwaka mzima. Kisha piga hesabu: mwaka wa kwanza ni sarufi, wa pili ndipo unaanza kuwasoma waandishi wenyewe. Ukianza mwaka wa tatu, utafika mahafali ungali unakariri viambishi. Na ukiwazia uzamifu, idara nyingi hutaka lugha zote mbili, pamoja na uwezo wa kusoma Kijerumani na Kifaransa au Kiitaliano.

Kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Baadhi ya vyuo vitakuondolea sharti la lugha ya kigeni kwa kuwa unajua Kiswahili. Furahi, lakini hilo ni sharti la chuo, si la idara. Kiswahili hakitakusomea maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe kule Athens.

Kitakusaidia kwingine, though si haba: wenzako watatokwa jasho wakiambiwa kivumishi lazima kipatane na nomino. Wewe umesema "kiti kizuri, miti mizuri" tangu utotoni. Kilatini kina jinsia tatu tu. Sisi ngeli tunazo tele. Kinachosumbua ni miisho ya nomino, ambayo hubadilika kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Hiyo haina njia ya mkato. Ni kukariri kila siku, hata siku ya mechi.

Uchague ipi? Ukivutwa na Roma, Kilatini; Athens, Kigiriki. Mimi ningechukua Kigiriki kwa sababu ya kinyumbani. Periplus, kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinaitaja pwani yetu kwa jina Azania, na soko la Rhapta ambalo mahali pake hapajathibitishwa hadi leo. Lakini usibebe lugha zote mbili muhula mmoja.

Zilizobaki ni rahisi. Chukua utangulizi wa akiolojia, ujue kama unaipenda kweli ama ulipenda filamu tu. Semina ya uandishi mara nyingi ni lazima. Ya nne iwe jiolojia, maana mchimbaji husoma tabaka za udongo kabla ya kitu kingine chochote.

Hesabu krediti pia. Viza ya F-1 humtaka mwanafunzi wa digrii ya kwanza awe na angalau 12 kwa muhula. Kozi ikikulemea usiiache kimyakimya. Ona kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Kuchimba ni kwa likizo ya kiangazi. Agora ya Athens, ambako Wamarekani wamechimba tangu 1931, hupokea wanafunzi wa kujitolea. Kwingine utalipishwa, kwa hivyo uliza mapema kuhusu ufadhili.

Na kabla hujapanda ndege, iandikie idara barua pepe uulize Kigiriki cha kwanza kinafunzwa muhula gani na saa ngapi. Jiandae kuambiwa ni asubuhi na mapema.