Barua za kale za Marekani: bei mbili, na hofu ya kunyang'anywa

Soko la barua za kale za Marekani, zile zilizosafiri bila stempu, sasa lina bei mbili zinazozidi kuachana. Barua ya kawaida ya miaka ya 1840, yenye mhuri wa New York au Philadelphia na ndani yake habari za hundi na shehena, hupatikana kwa dola chache tu, tena ikiwa imerundikwa na nyingine kwenye boksi. Nyingine isiyo na stempu inayosimulia kipindupindu cha 1832, safari ya kufuata dhahabu California au mnada wa watumwa Richmond hufika mamia ya dola, na pengine maelfu.

Wauzaji wanasema wazee waliokusanya mihuri mji kwa mji wanaondoka, na makusanyo yao yanamwagwa sokoni kwa mkupuo. Wanunuzi wapya hawashughulishwi sana na mhuri kuwa wa kijani au wa buluu. Chukua karatasi moja iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe na kufungwa kwa lakiri, maana kabla ya sheria ya 1845 posta ilitoza kwa idadi ya karatasi, na bahasha ingehesabiwa kuwa karatasi ya pili. Juu kwenye kona imeandikwa 18¾ kwa wino: senti alizodaiwa mpokeaji kwa safari ya maili 150 hadi 400, kiwango kilichowiana na reale moja na nusu za Kihispania, fedha iliyokuwa bado ikipokelewa madukani. Mkusanyaji wa zamani alilipia tarakimu hiyo. Wa leo anaikunjua karatasi na kusoma kilichomo, na kama hakuna cha kusoma anairudisha boksini.

Lakini mfanyabiashara mmoja wa siku nyingi, aliyeomba asitajwe, anasema kushuka kwa bei anakuvumilia. Kinachomnyima usingizi ni majimbo. Sehemu kubwa ya barua nzuri za kabla ya stempu kuanza mwaka 1847 ziliandikiwa makarani wa mahakama, magavana na watoza kodi, kwa kuwa ofisi ndizo zilizotunza karatasi. Baadaye, anaeleza, ofisi hizohizo zilipojaa, makarani walizichoma barua hizo, wakazitupa, au wakaziuza kama karatasi chakavu, na waliozinusuru ni watu wa stempu waliotaka mihuri yake. Leo barua ya namna hiyo ikionekana kwenye orodha ya mnada, jimbo linaweza kusimama na kusema ni mali yake.

Hofu hiyo ina msingi wa kisheria. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya North Carolina iliamua kwamba hati mbili za mashtaka za miaka ya 1760, ambazo mnunuzi binafsi alizipata kwa fedha yake, ni mali ya jimbo. Haikutosha kwamba zilikuwa zimetoka ofisini tangu zamani. Mfanyabiashara wetu anauliza: ikiwa karani ndiye aliyetupa, aliyeokota ana kosa gani? Na hasara inamwangukia nani? Mnunuzi atarudisha barua, muuzaji atarudisha fedha, na yule aliyemuuzia muuzaji yuko kaburini. Barua zilizoandikiwa makarani, anasema, ameacha kuziweka mezani kwenye maonyesho.

Ofisa mmoja wa hifadhi ya nyaraka anajibu kwamba madai hufunguliwa mara chache, na kwa nyaraka zilizo wazi kuwa za umma tu. Alipoulizwa ni mara ngapi, na uwazi huo unapimwa kwa kipi, hakutoa idadi wala kipimo. Anakumbusha kwamba nyaraka zimekuwa zikiibwa kutoka hifadhini, na hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba baadhi ya waliofungwa kwa wizi huo walikuwa waajiriwa wa hifadhi zenyewe. Mtu aliyelipa halali kwa barua iliyotupwa miaka mingi kabla hajazaliwa anastahili jibu lililonyooka kuliko hilo.

Kwa wasomaji wa pwani yetu, kuna kona moja ya soko hili inayotuhusu. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sultani wa Oman na Zanzibar na Marekani, na konseli wa kwanza kuanza kazi Zanzibar mwaka 1837, meli za Salem, Massachusetts, zilileta merikani na kurudi na pembe, sandarusi na karafuu, pamoja na barua. Barua ya melini iliyokabidhiwa posta ilitozwa senti 6 kama mpokeaji yuko bandari ileile, au nauli ya kawaida na senti 2 juu yake kama inaendelea bara. Ila sheria iliwaachia wenye meli na wenye mizigo wapokee barua zao bila kupitia posta. Ndiyo sababu barua ya mfanyabiashara wa Zanzibar kwa tajiri wake inaweza kuwa haina mhuri hata mmoja, na katika macho ya watu wa mihuri ikaonekana karatasi tupu. Nyingi zinazojulikana zimehifadhiwa Massachusetts. Ikijitokeza moja sokoni, thamani yake iko katika maneno, na huenda muuzaji asiyejua Zanzibar akaiachia kwa bei ya chini kabisa.

Kuhusu siku za mbele, wanaoishi kwa biashara hii hawakubaliani. Karibu wote wanaona barua za kawaida hazitapanda tena karibuni. Zenye simulizi huenda zikaendelea kupanda, maadamu vyuo na maktaba navyo vinanunua. Zilizoandikiwa ofisi za umma ndizo hazitabiriki: baadhi ya wauzaji sasa wanaziuza kwa siri, mkono kwa mkono, bila orodha wala mnada, na bei ya namna hiyo haiandikwi popote ambapo mnunuzi wa kesho angeweza kuilinganisha.