Picha ya jarida iliyopanda ndege ya vita

Katika makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani, karibu na Dayton, Ohio, imehifadhiwa ndege ya mabomu aina ya B-17 ambayo ubavuni, karibu na pua, amechorwa mwanamke aliyevaa vazi la kuogelea, akizungumza kwa simu. Upande mmoja vazi ni jekundu, upande wa pili ni la buluu. Ndege hiyo inaitwa Memphis Belle.

Mwanamke huyo hakubuniwa vitani. Alichorwa na George Petty na kutokea katika jarida la Esquire toleo la Aprili 1941. Rubani Robert Morgan aliipenda picha hiyo, akaiomba kwa ajili ya ndege aliyoipa jina kwa heshima ya mchumba wake, Margaret Polk wa Memphis. (Wawili hao hawakuoana.) Katika kituo cha Bassingbourn, Uingereza, askari Tony Starcer aliinakili kwa rangi juu ya bati. Inasemekana alipamba zaidi ya ndege 100.

Ndege zilitoka viwandani zikifanana kama punje za mchele, zikitofautishwa kwa nambari tu. Watu 10 waliopanda pamoja bila kujua kama watarudi walitaka chombo chao kiwe na jina na sura. Wakubwa wao kwa kawaida walifumba macho, na si ajabu: kikosi cha Nane cha anga kilipoteza zaidi ya wanajeshi 26,000. Memphis Belle ilikuwa miongoni mwa ndege za kwanza kutimiza safari 25 za mashambulizi, Mei 1943.

Kioja ni kwamba mwishoni mwa mwaka huohuo, wakati picha za Esquire zikiruka juu ya Ujerumani, Postamasta Mkuu mjini Washington aliliondolea jarida hilo nafuu ya gharama za posta, kwa hoja kwamba halikuwa na manufaa kwa umma. Hasara ingefikia takriban dola 500,000 kwa mwaka, adhabu inayoweza kuua jarida bila kulipiga marufuku.

Esquire lilikwenda mahakamani. Februari 1946, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba Bunge halikumpa ofisa wa posta mamlaka ya kupima ubora wa maandishi na michoro kwa mizani yake mwenyewe.