FEDHA PEKE YAKE HAIMSOMESHI MTOTO

Wasomaji wetu, hasa machifu na waalimu, wameliona jambo hili mara nyingi: mtoto ameshinda mtihani wa shule ya msingi, jina lake limesomwa mbele za watu na wazee wakafurahi, lakini shule ya sekondari ilipofunguliwa, yeye hakuonekana. Ukiuliza habari zake, huambiwa kwamba ameolewa, au amekwenda mjini kutumika nyumbani mwa watu, au yuko kwao analea wadogo zake. Na katika vijiji vingi mtoto huyo ni msichana. Leo twapenda kueleza kazi ya chama kimoja kilichoanzishwa ili watoto wa namna hii wasipotee. Maana katika kazi yake mna mafundisho yanayokifaa kila kijiji, hata kile ambacho chama hicho hakijafika.

Chama chenyewe huitwa CAMFED, yaani Kampeni ya Elimu ya Wanawake, na chimbuko lake ni nchi ya Zimbabwe. Mwaka 1991 mama mmoja wa Wales, jina lake Ann Cotton, alikwenda Mola, karibu na Ziwa Kariba, kuchunguza kwa nini wasichana wa huko walikuwa wachache shuleni. Wengi wa watu wa pande zile ni Watonga, ambao walihamishwa kutoka kando ya mto Zambezi lilipojengwa bwawa la Kariba katika miaka ya 1950. Jumla ya waliohamishwa, ng'ambo zote mbili za mto, ilikuwa watu 57,000 hivi. Waliacha mashamba mazuri ya kando ya mto, wakahamia nchi kavu. Basi umaskini wao haukutokana na uvivu, bali ulikuwa na sababu yake, na sababu hiyo yajulikana.

Mama huyo alikuwa amesikia kwamba wasichana hawasomi kwa ajili ya mila, ati wazee hawataki binti zao waelimike. Alipofika alikuta mambo mengine. Aliwakuta wasichana wawili, ndugu wa tumbo moja, waliokuwa wametembea kilomita 100 hivi kutoka kwao, wakawa wanakaa peke yao katika kibanda, ili wasome mahali ambapo gharama zilikuwa ndogo zaidi. Aliposema na machifu na wazazi, alifahamu kwamba walitaka sana binti zao wasome, ila hawakuwa na fedha. Na mzazi mwenye fedha ya kumsomesha mtoto mmoja tu humpeleka mvulana; si kwa kumchukia binti, bali kwa kupiga hesabu, kwamba kijana ndiye atakayepata kazi ya mshahara, na binti ataolewa aende kwa watu. Hesabu hiyo hupigwa hata katika nchi zetu za Afrika Mashariki, wala hapana haja ya kuificha.

Tofauti ya maneno haya mawili, mila na umaskini, si ndogo. Ukidhani kwamba kosa ni mila, utakwenda kijijini kuwahubiria wazee, nao watakusikiliza kwa adabu, kisha utaondoka na mambo yatabaki kama yalivyokuwa. Ukijua kwamba kosa ni umaskini, utakaa chini pamoja na wazee hao hao, mtafute njia. Mama Cotton aliporudi Cambridge alianza kuoka keki na kuziuza sokoni ili apate fedha ya kazi hiyo, na mwaka 1993 chama kilianza kwa kuwasomesha wasichana 32.

Sasa tueleze namna kazi inavyokwenda. Jambo la kwanza ni kwamba ada ya shule si gharama yote. Katika Tanzania, Serikali iliondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Katika Kenya, Serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa mwaka 2008. Hayo ni mema makubwa. Lakini baada ya ada kuondolewa hubaki sare, viatu, madaftari, taa ya kusomea usiku, chakula cha mchana, na nauli au kodi ya chumba kwa mtoto akaaye mbali na shule. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo huhitaji pia vitambaa vya hedhi. Asipokuwa navyo hukaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi, akaachwa nyuma na wenzake, mwisho akakata tamaa. Na msichana apangaye chumba peke yake bila chakula cha kutosha yumo katika hatari ambayo kila mzazi aifahamu. Kwa hiyo msaada wa chama hutazama mahitaji ya mtoto mmoja mmoja, si ada tu.

Jambo la pili ni nani achaguaye mtoto wa kusaidiwa. Fedha ikitoka mbali, na aliyeitoa hawajui watu, ni rahisi msaada kumwangukia mtoto wa mwenye cheo. Kwa hiyo chama hiki hukabidhi kazi hiyo kwa kamati za wilaya na za shule, ambamo huwamo maofisa wa elimu, wakuu wa mila, waalimu na wazazi. Wao ndio wajuao ni yatima yupi anayelala kwa bibi yake, na ni nyumba ipi iliyopoteza mavuno. Na katika kila shule huwekwa mwalimu wa kuwaangalia wasichana hao na kusikiliza shida zao. Mwaka 2010 wanasheria wa Linklaters, wa London, walitoa taarifa juu ya namna chama kinavyotawala fedha zake, na msingi walioueleza ni kwamba hesabu hutolewa kwa msichana mwenyewe, siyo kwa wafadhili peke yao. Yaani mtoto huambiwa wazi ni vitu gani vilivyo haki yake, ili kisipunguzwe kitu njiani.

Jambo la tatu ni kazi ya wazazi wasio na fedha. Kina mama huunda vikundi vya kuisaidia shule: wengine hulima bustani, wengine hufuga kuku, wengine huwapikia watoto chakula, na wengine humfuata mtoto aliyeacha shule hata nyumbani kwao wakazungumze na wazee wake. Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo madogo. Lakini mtoto aliyekula ndiye awezaye kusikiliza somo, na mtoto anayejua kwamba ataulizwa kijiji kizima hapotei upesi.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1998 wasichana wa kwanza waliomaliza masomo yao walijifanyia umoja wao wenyewe. Waliona kwamba walikuwa wametoka shuleni, lakini kazi hapana na mtaji hapana. Basi wakaamua kusaidiana, na kila mmoja kuwasaidia watoto wengine wa kijijini kwake. Kufikia mwaka 2023 umoja huo ulikuwa na wanachama zaidi ya laki mbili katika nchi za Zimbabwe, Ghana, Zambia, Tanzania na Malawi. Wahenga walisema, Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Na hawa waliijua njaa kabla ya kushiba. Mmoja wao, Bibi Angeline Murimirwa, alikuwa katika wale wasichana 32 wa kwanza; naye mwaka 2023 alikuwa mkuu wa chama kizima. Mwaka 2021 chama hicho kilipewa tuzo ya Conrad N. Hilton, yenye dola milioni 2.5.

Katika Tanzania chama kilianza kazi mwaka 2005. Huko, kama katika nchi nyingine, wako wasichana waliomaliza sekondari ambao hurudi katika shule za kwao kwa saa kadhaa kila juma, bila mshahara, wakawafundisha wanafunzi, wavulana kwa wasichana, namna ya kujisomea, kujitunza na kupanga maisha yao. Wao hupata mkopo wa kuanzisha biashara ndogo, na mkopo huo hauna riba ya fedha. Riba yake ni kazi ile wanayoifanya shuleni. Hivyo msichana hupata cherehani, au kuku, au duka dogo. Na shule hupata dada mkubwa asemaye kwa lugha ya watoto. Tunaona kwamba hii ni busara kubwa, maana aliyesaidiwa hafanywi ombaomba, bali hulipa kwa heshima, na malipo yake humsomesha mwingine.

Huenda msomaji akauliza, Je, faida ya elimu yaonekana? Uchunguzi uliotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2018 ulionyesha kwamba, kwa wastani wa dunia, kila mwaka mmoja wa masomo huongeza pato la mtu kwa kadiri ya sehemu 9 katika 100. Tena msichana aliyesoma huchelewa kuolewa, na watoto wake hupona maradhi zaidi ya watoto wa mama asiyesoma. Lakini tusiseme uongo: shule si dawa ya kila ugonjwa. Wako watoto wanaomaliza kidato cha nne bila kufaulu, na wako wanaofaulu wasipate kazi. Ndiyo sababu umoja wa wasichana hawa hauishii mlango wa shule, bali huwashika mkono katika miaka ile ya kwanza baada ya masomo, ambayo ndiyo wengi hurudi katika umaskini.

Basi kijiji kisicho na chama kifanye nini? Kwanza, chifu na mwalimu mkuu waandike pamoja majina ya watoto wote waliopasa kuwa shuleni, kisha walinganishe na walioko. Kwa kuwa mtoto asiyejulikana kwamba hayupo hatafutwi. Pili, wasiridhike na neno moja la mzazi kwamba mtoto hataki shule, bali waulize kinachopungua, pengine ni jozi ya viatu. Tatu, kama iko fedha ya kijiji ya kuwasaidia maskini, majina na hesabu zisomwe barazani mbele ya wote. Nne, wasichana waliokwisha kusoma waitwe na kupewa kazi ya heshima katika shule. Na Tanzania, tangu Novemba mwaka 2021, Serikali imeruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi masomoni baada ya kujifungua. Kwa hiyo mzazi mwenye binti wa namna hiyo asimfungie ndani kwa aibu, aende akaonane na mwalimu mkuu.

Kazi hizi nne hazitaki mfadhili wa ng'ambo, ila zataka wazee wenye kuhesabu na wenye kusema kweli. Na kijiji kilichokwisha kuzifanya, hata mfadhili akija, fedha yake itamfikia mtoto anayestahili.