Mtoto Aking'olewa Jino: Maumivu Baada ya Ganzi

Mtoto aliyeng'olewa jino asubuhi mara nyingi hurudi nyumbani Kilakala akiwa mchangamfu, hata mama hujiuliza kwa nini watu wanaogopa meno. Ifikapo mchana kilio huanza. Si kwamba daktari amekosea. Ganzi imekwisha.

Sindano ya ganzi hulaza mishipa ya fahamu kwa muda, na midomo na ulimi huchelewa kuamka, pengine saa mbili hadi nne. Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hatuifikirii. Mtoto mdogo huuona mdomo wake mgeni, akautafuna kama anavyotafuna muwa, wala hasikii kitu. Kesho yake mdomo umevimba na una kidonda chenye utando mweupe. Wazazi hudhani ni usaha, wakakimbilia dawa za kuua vijidudu. Kwa kawaida utando ule ni kidonda kinachopona, nacho hukauka kwa wiki moja au mbili. Kwa hiyo msimpe chakula mpaka ganzi iishe, na akae naye mtu mzima, si kaka yake wa miaka saba.

Pamba aliyopewa aiume nusu saa bila kuichungulia kila dakika. Siku hiyo asisukutue, asitemeteme mate, wala asinywe kwa mrija, kwani donge la damu lililoziba shimo ndilo linaloponya. Likitoka, damu hurudi. Mate yenye wekundu kidogo yasiwatishe. Jioni uji uliopoa au ndizi mbivu zinatosha, na Uluguru haijatunyima ndizi. Kuanzia kesho yake asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi.

Parasetamoli mpeni kabla ganzi haijaisha, msingoje alie. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 20 hutosheka na nusu ya kidonge cha miligramu 500. Aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16, maana yaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Na ile tetrasaikilini iliyobaki kabatini muiache huko: mtoto mdogo akiimeza, hutia madoa meno yanayoendelea kukua.

Tena, msimtishe mtoto nyumbani kwa kusema, "Ukilia utachomwa sindano." Aliyekwisha kuogopa huumia zaidi, na safari ijayo hakubali kufungua kinywa.

Siku ya pili maumivu yapungue. Yakizidi siku ya tatu, shavu likiendelea kuvimba, akishindwa kumeza au kufungua kinywa, au damu isipokoma hata baada ya kuuma pamba nusu saa nyingine, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo. Homa nayo msiisingizie jino peke yake; apimwe malaria.