Fahamu: Kwa Nini Mmarekani Hugharamia Kujaza Fomu ya Kodi

Serikali ya Marekani, ambayo kila mwaka hupelekewa na waajiri na mabenki hesabu za mishahara na riba za raia wake, aghalabu hulijua pato la mfanyakazi wa kawaida kabla hajaishika kalamu. Na hata hivyo mtu huyo, Aprili ikikaribia, hana budi kuikokotoa kodi mwenyewe au kumlipa mwingine amkokotolee, ilhali Denmark na Sweden raia hupelekewa fomu iliyokwisha jazwa, naye akiiona sahihi huithibitisha tu au huiacha ilivyo.

Kizuizi ni maslahi. Mlipa kodi hupoteza dola kadhaa, kiasi kisichomtoa nyumbani kwenda kulalama, lakini kampuni ya Intuit, yenye programu ya TurboTax, huhofia riziki yake, kwa hiyo imetumia mamilioni ya dola kuwashawishi wabunge. Mwaka 2002 mamlaka ya kodi, IRS, iliafikiana na wauzaji wa programu hizo kwamba wao wawahudumie bure wenye kipato kidogo, nayo isishindane nao: sharti la ajabu, kwani tangu lini mtoza ushuru akaomba idhini kwa dalali?

Sharti hilo liliondolewa 2019. Mwaka 2022 Intuit, ikituhumiwa na majimbo kuwahadaa wateja kwa neno “bure”, ilikubali kulipa dola milioni 141 bila kukiri kosa. Huduma ya serikali ya kujaza fomu hiyo bure, Direct File, ilianza kwa majaribio 2024 katika majimbo 12, ikafika 25 mwaka uliofuata. Kisha utawala wa Trump ukaifuta kabla ya msimu wa 2026.