Baba Watoto Ana Leukemia: Kabla ya Kuuza Mikorosho

Mwezi huu tulipiga hodi katika nyumba moja ya Chikongola, Mtwara mjini. Mwenyeji wetu alitukaribisha kwa chai na mihogo, akaomba tusitaje jina lake wala la mumewe, ambaye ni fundi seremala. Tumekubaliana naye, maana yaliyompata yanaweza kumpata yeyote kati yetu.

Ugonjwa ulianza kwa homa za jioni, jasho la usiku lililolowesha shuka, na uzito chini ya mbavu za kushoto. Huku kwetu bandama likivimba kila mtu husema ni malaria, na mara nyingi husema kweli. Baba akameza dawa za malaria mara tatu katika miezi miwili. Suruali zikampwaya. Majirani nao wakaanza kunong'ona mambo yao. Hatimaye akapimwa hesabu kamili ya damu. Chembe nyeupe za mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika maikrolita moja ya damu. Zake zilikuwa zimepita 200,000.

Ukoo ukakutana. Kwa Wamakonde mjomba ana kauli nzito, na mjomba wa mume alitaka shamba la mikorosho liuzwe mgonjwa apelekwe India. Shangazi alitaka aende kwa mganga kwanza. Mama wa nyumba alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: hiyo leukemia yenyewe ni ya aina gani? Hakuna aliyejua. Akaomba shamba lisiguswe mpaka swali hilo lijibiwe. Kwa maoni yetu, siku hiyo alimsaidia mumewe kuliko watu wote waliokuwa barazani.

Neno hili wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1999, Mwalimu Nyerere alipolazwa katika Hospitali ya St Thomas' jijini London. Mama Maria, waliyefunga naye ndoa mwaka 1953, alikuwa naye huko. Tarehe 14 Oktoba Rais Mkapa, mwana wa Lupaso huku Masasi, akalitangazia taifa kwamba Mwalimu hatunaye. Tangu hapo watu husema: kama Mwalimu hakupona London, fundi wa Chikongola atapona wapi?

Lakini leukemia si ugonjwa mmoja. Ya Mwalimu ilikuwa ile ya chembe za limfu iendayo polepole, ambayo huwapata zaidi wazee, na wakati mwingine daktari huiangalia tu kwa muda bila kutoa dawa. Ipo ile kali, inayokwenda mbio; hiyo haingoji vikao vya ukoo, hutaka kulazwa upesi, dawa nzito za mishipani na damu ya kuongezewa mara kwa mara. Na ipo ya tatu, ndiyo ya fundi wetu: ndani ya uloto, yaani ute wa mifupa unaotengeneza damu, kipande cha kromosomu ya 9 kimebadilishana mahali na kipande cha ile ya 22. Mtu hazaliwi nayo, hairithiwi, wala haiambukizi. Mama huyu alikiri kwamba aliposikia hilo la mwisho alirudisha sahani ya mumewe kwenye sinia moja na watoto siku ileile.

Zamani wenye aina hii wengi hawakuishi zaidi ya miaka michache. Mwaka 2001 kikaja kidonge kiitwacho imatinibu, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Glivec. Hapa nchini, kwa miaka mingi kidonge hicho kimetolewa bure katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa msaada wa kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation, mradi kipimo cha jeni kithibitishe aina ya ugonjwa. Hebu fikirini: mikorosho ingeuzwa kutafuta ng'ambo dawa iliyokuwa ikitolewa bure ufukweni mwa Dar es Salaam.

Wako watakaohitaji zaidi ya kidonge. Upandikizaji wa uloto ulianza Muhimbili mwaka 2021, kwa wagonjwa wa saratani nyingine ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Ni vizuri kumwuliza daktari kuhusu hayo, lakini baada ya kujua aina.

Safari ya Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560. Siyo kama enzi zile za kivuko cha Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, lakini nauli ya watu wawili na mahali pa kulala si jambo dogo. Mama aliuza maandazi, akacheza upatu na wenzake, akawaomba wauliziwe ndugu walioko Mbagala.

Kipindi kigumu zaidi kilikuja baba alipopata nafuu. Bandama lilirudi ndani, alishika randa tena. Siku moja, akipanga nguo, mama alikuta vidonge vimefungwa ndani ya soksi. Mume alikuwa ameviacha kwa wiki tatu. Miguu ilimkaza usiku, macho yalivimba asubuhi, na mafundi wenzake walikuwa wakimcheka kwamba anameza dawa za UKIMWI.

Anasema alitamani kupiga kelele. Badala yake alisubiri watoto walale, akamwekea vile vidonge mkononi, wakazungumza mpaka usiku wa manane. Safari iliyofuata alikwenda naye mpaka mbele ya daktari, akamhimiza aeleze yote, hata soksi. Wakaelezwa kwamba mkazo wa misuli na uvimbe vinatibika, lakini ugonjwa unaoachiwa nafasi unaweza kurudi na usisikie tena dawa ileile. Wakaambiwa pia kidonge kimezwe pamoja na chakula na maji mengi, balungi liachwe, na dawa yoyote ya miti shamba itajwe kwanza.

Tulipokuwa tukiaga, jua lilikuwa linazama. Baba aliingia kutoka karakana, vumbi la mbao nyweleni, akavuta kiti. Mama akapakua ugali, akaweka bilauri kubwa ya maji na kidonge kimoja kando ya sahani, kisha akachora mstari mwingine kwenye kalenda ya ukutani.